Umetoa TV ya chogo, umefunga flati kwenye gari la kulala, na sasa inasumbua

Saa mbili usiku simu iliita. Mzee mmoja wa Mbezi Beach, mwenye Hiace aliyoigeuza gari la kulala, alikuwa ameegesha Mikumi na familia yake.

"Fundi, hii TV mpya inawaka, inaonyesha nembo, halafu inakata. Chogo limekaa humu miaka tisa, halikunifanyia hivi hata siku moja."

"Shikamoo mzee. Poleni na safari. Injini imezimwa?"

"Marahaba. Imezimwa. Tutaangalia taarifa ya habari na injini inaunguruma?"

"Naomba uiwashe kidogo, halafu uwashe TV."

Nikasikia injini ikishika, kisha sauti ya mtangazaji. Dakika ya kwanza, ya pili, haikukata. Nikamwomba azime injini. Hajamaliza kusema "nimezima", mtangazaji akanyamaza.

TV ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa waya, na waya huo niliuacha humo mimi mwenyewe.

Magari ya kulala niliyofunga flati hapa Dar ni machache ukilinganisha na mabasi, lakini malalamiko yanafanana, na mara nyingi TV yenyewe haina kosa. Chogo, ile TV ya zamani yenye mgongo mnene, lilikuwa mzigo lakini lina subira. Lilivumilia umeme unaopanda na kushuka, lilionekana vizuri hata ukikaa ubavuni, na mawimbi ya antena yakififia lilikuonyesha chenga huku ukiendelea kufuata mpira. Flati haina subira hiyo. Kila ubovu uliokuwa umejificha ndani ya gari, inauanika siku ya kwanza. Ndiyo maana nikiitwa nashika mita kabla ya bisibisi, na kipimo cha kwanza ni kimoja: volti kwenye ncha ya waya inayoingia nyuma ya TV, TV ikiwa imewashwa. Ukipima TV imezimwa umejidanganya, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo huonyesha volti nzuri kabisa.

Inawaka, inaonyesha nembo, inakata

Hili ndilo la mzee wa Mikumi. Aliporudi Dar nilipima betri ya pili, ile inayolisha vifaa vya ndani (tunaiita ya nyumbani), nikakuta volti 11.9 TV ikijaribu kuwaka. Kwenye ncha ya waya nyuma ya TV nikapata 10.6. Volti 1.3 zilipotelea njiani. Flati nyingi ndogo zenye adapta ya volti 12 zinakata zikishuka chini ya 11 au karibu na hapo. Taa ya nyuma ya kioo ikianza kuvuta, volti inaporomoka, TV inajizima, mzigo ukiisha volti inapanda tena, nayo inajaribu upya. Ukiona mchezo huo wa kuwaka na kukata, anza na waya.

Kwa nini chogo halikuwa na shida? Chogo lake lilikula umeme wa inveta, kifaa cha kugeuza volti 12 za betri kuwa 230, iliyokuwa kando ya betri. Kutoka kwenye inveta hadi juu ya dereva kulipita waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ule wa feni ya mezani, ukibeba volti 230. Chogo la inchi 14 linakula kama wati 50, na kwa volti 230 hiyo ni ampea 0.2 tu. Waya ulikuwa unapumzika. Mimi nikatoa inveta, nikaona flati ina adapta ya volti 12, nikaunganisha moja kwa moja kwa waya uleule. Flati na king'amuzi pamoja ni kama wati 42, pungufu kuliko chogo, lakini kwa volti 12 ni ampea 3.5. Umbali wa mita 7 kwenda na 7 kurudi, waya wa 0.75 una ukinzani wa karibu omu 0.35. Zidisha upate volti 1.2 zinazoishia kuupasha waya joto. Injini ikiwaka, altaneta inasukuma volti 14, ukitoa hasara hiyo TV bado inashiba. Injini ikizimwa, inalala njaa.

Dawa ilikuwa kuvuta waya mpya wa 4 kutoka kwenye betri. Kwa umbali uleule hasara ikashuka chini ya volti 0.3. Waya wa 2.5 nao ungefaa, hasara ingekuwa kama 0.4, ila tofauti ya bei kwa mita 14 haikustahili kubishaniwa.

Hasi nayo ipimwe. Mafundi wengi tunaokoa waya kwa kufunga hasi kwenye bodi ya gari popote palipo karibu. Gari linaloegeshwa Kigamboni au Kunduchi linaliwa na chumvi, na baada ya mwaka ile bolti ina kutu chini ya rangi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya TV na nyingine kwenye hasi ya betri, TV ikiwaka. Ukiona zaidi ya volti 0.2, hasi yako ni mbovu hata kama chanya ni waya wa mtambo. Vuta hasi yake hadi kwenye betri.

Kishikio cha fyuzi ni mwizi mwingine. Vile vya plastiki vya kufungua kwa kuzungusha vina springi ndani. Springi ikilegea au ikishika kutu, fyuzi inaonekana nzima na umeme haupiti wa kutosha. Kiguse TV ikiwa imewaka kwa nusu saa. Kikiwa cha moto, kitupe. Na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na TV, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Kwa mzigo huu ampea 5 inatosha.

Baada ya waya kuwa sawa, bado sikuirudisha TV moja kwa moja kwenye betri. Volti 12 ya gari ni jina tu. Betri ikishuka sana ni 11 na kitu, ikijaa ni 12.7, injini ikiwaka ni 14.4, na stata ikipigwa inaweza kuzama chini ya 10. Adapta iliyokuja na TV inatoa 12 iliyotulia. Kwa hiyo katikati niliweka konveta ndogo ya kupandisha na kushusha, inayopokea chochote kati ya 9 na 18 na kutoa 12. Nunua ya ampea 8 au 10 hata kama unahitaji 3.5. Namba zinazoandikwa kwenye vile viboksi vya alumini pale Kariakoo zina matumaini makubwa.

Haiwaki kabisa, hata taa nyekundu haipo

Soma nyuma ya TV au kwenye adapta kabla ya kufungua kitu. Kuna flati ndogo za volti 12 na kuna za volti 19, na tundu la nyuma linafanana. Ya 19 ukiipa 12 inakaa kimya au inapepesa taa. Haijaungua, inahitaji konveta ya kupandisha. Ya 12 ukiipa 19, hiyo nenda nayo eneo la Gerezani hapa Dar kwa fundi wa bodi. Angalia pia kale kamchoro ka duara na nukta katikati: nyingi zina chanya katikati ya plagi, chache zina hasi, na kosa hilo mara nyingi linaua sekunde ileile.

Kama TV haina adapta ya nje, na waya wake wa 230 unaingia moja kwa moja mgongoni, hiyo ni ya inveta. Usimruhusu mtu aifungue "aitafutie volti 12 ndani". Inawezekana kwa baadhi, lakini umeme ndani ya ile sehemu inayoilisha TV unazidi volti 300 na unabaki kwa muda hata baada ya kuchomoa.

Halafu kuna gari lililokuja na vitu vyake. Gari la kulala kutoka Japani lina soketi za pini mbili bapa na vifaa vya volti 100. Mtu anafika kwenye kambi ya Kigamboni, anaunganisha umeme wa ukutani wa volti 230 kwenye tundu la ubavuni kwa kebo ya kujitengenezea, na kwa mpigo mmoja TV, maikrowevu na chaja ya betri vinatoa moshi. Lililotoka Marekani lina volti 120, mkasa ni uleule. Lililotoka Uingereza ndilo linaloelewana na soketi zetu. Ukinunua gari la namna hii, kazi ya kwanza si TV; mtafute fundi umeme akague kila kitu kinacholishwa na tundu lile la ubavuni.

TV ni nzima ila betri moja imekufa mapema

Hili ni la wenye Coaster. Coaster nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24: betri mbili za 12 zimefuatana. Fundi anakuja na flati ya volti 12, anaona betri mbili, anafurahi, anaunganisha kwenye moja. TV inawaka vizuri, analipwa, anaondoka.

Mama mmoja wa Tegeta aliniletea Coaster ya hivyo. Alishanunua betri mpya mara mbili ndani ya mwaka na kila mara aliyekufa ni yuleyule wa kushoto. "Fundi, wananiuzia betri feki," aliniambia. Betri hazikuwa feki. Altaneta inachaji zote mbili kwa mkupuo kama kitu kimoja na haina njia ya kujua kwamba mmoja ametumika usiku kucha na mwenzake amelala. Aliyetumika hashibi, na asiyetumika anashibishwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka na kukauka. Ukikuta betri moja imeishiwa maji na pacha wake hana chaji, fuata nyaya. Kuna kitu cha volti 12 kimening'inizwa katikati. Redio ndiyo mzoefu wa kosa hili, TV imeingia juzi.

Tiba ni konveta ya 24 kwenda 12, inayochukua umeme wake kwenye ncha mbili za nje za betri zote. Na hapa nina shauri nililolipata kwa gharama ya yule mzee: konveta iweke jirani na TV, si jirani na betri. Waya mrefu ukibeba volti 24 unabeba nusu ya ampea ambazo ungebeba kwa volti 12, na hasara inapungua nayo. Ile nafasi aliyoacha chogo kwa mgongo wake ni kabati tosha la konveta, mradi pawe na matundu ya hewa.

Kama betri inayokufa ni ya nyumbani na haina pacha, piga hesabu kabla ya kulaumu. Betri ya ampea-saa 100 isiyo ya lithiamu usiitumie zaidi ya nusu, yaani 50. TV na king'amuzi kwa ampea 3.5 ni saa 14. Ukipitia inveta, ongeza hasara yake na ule umeme inaokula yenyewe hata TV ikiwa imezimwa. Inveta kubwa ya wati 1,000 iliyoachwa wazi usiku kwa ajili ya TV ya wati 30 ni sawa na kuwasha lori kupeleka barua. Friji nalo limo humohumo kwenye betri ile. Wanaosahau friji ni wengi ajabu.

Inaunguruma, au mistari inapanda kwenye kioo

Inaunguruma wakati gani? Kama ni injini ikiwaka tu, na mlio unapanda ukikanyaga mafuta, kelele zinatoka kwenye altaneta. Chomoa kebo ya antena nyuma ya TV. Mlio ukitoweka, umeme unazunguka kwa njia mbili: hasi ya TV imeshika sehemu moja ya gari na ngozi ya kebo ya antena imeshika nyingine juu ya paa. Lete hasi zote sehemu moja. Kama chanzo ni waya wa sauti unaokwenda kwenye redio ya gari, kuna vijitenganishi vidogo vya kuweka katikati ya waya huo, na vinafanya kazi.

Kama inaunguruma injini ikiwa imezimwa na unatumia inveta, inveta ni ya bei nafuu, ile ya umeme wa ngazi badala ya wimbi laini. Chogo lilipiga kelele kidogo nalo, likazoeleka. Flati inaonyesha mistari, na adapta yake inapata moto kuliko kawaida. Nunua inveta ya wimbi safi ya wati 300, au achana na inveta kabisa kama TV ina adapta ya nje. Mimi nachagua la pili kila ninapoweza.

Imetafuta chaneli, imeleta sifuri

Dar es Salaam ilizimiwa analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo chogo lilibaki kuwa kioo cha king'amuzi tu. Flati inaweza kuwa na kipokeo cha dijitali ndani, lakini kiwe cha kwetu: tafuta maandishi DVB-T2 kwenye boksi au nyuma. Ya Japani inatumia mfumo mwingine, tena inadai kadi ndogo ubavuni. Ya Marekani nayo ina mfumo wake. Unaweza kuitafutisha chaneli mpaka kesho. Ya Uingereza ya zamani ina T bila 2, nayo haitoshi. TV hizo hazijaharibika, ziunganishe na king'amuzi kwa HDMI uendelee na maisha. Na hata yenye T2 itakuletea chaneli zisizofungwa peke yake. Za kulipia bado zinataka king'amuzi na kifurushi.

Kama T2 ipo na bado ni sifuri, panda juu ya paa. Fungua kichwa cha kebo ya antena. Waya wa katikati ukiwa na unga wa kijani, kata sentimita kumi na kumi tena mpaka ukute shaba inayong'aa. Hewa ya bahari inaingia ndani ya kebo kama maji kwenye utambi, na nimewahi kukata mita mbili nzima kabla ya kupata shaba safi. Chogo lingekuonyesha picha ya chenga kwa kebo hiyo. Dijitali haina chenga: ama picha nzuri, ama vipande vya mraba vinavyoganda, ama hakuna.

Busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi ya antena, uitazame kwa jicho la mashaka. Inahitaji umeme, na mara nyingi umeme huo ulikuwa unatoka kwenye kiadapta kilichong'olewa pamoja na chogo. Busta isiyo na umeme ni mbaya kuliko kutokuwa na busta, maana inaziba njia. Baadhi ya flati zinaweza kupeleka volti 5 kwenye antena kupitia kebo, lakini lazima uwashe kwenye menyu, na busta yako iwe ya volti 5; za 12 hazitosheki. Busta za zamani zina tatizo jingine: zinakuza masafa yote ya UHF, na sehemu ya juu ya masafa hayo siku hizi ni ya simu. Ukiegesha chini ya mnara wa simu unakuza mnara. Jaribu bila busta kabisa. Ukiwa Dar yenyewe, mara nyingi picha inarudi.

Kwa wenye dishi: gari likitembea, sahau. Likiegeshwa, kumbuka kwamba hapa Dar dishi la Azam linatazama magharibi, kwa sababu satelaiti yake iko juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na la DStv linatazama karibu utosini kwa sababu satelaiti yake iko nyuzi 36 nasi tuko 39. Kwa hiyo mwembe ulio upande wa magharibi unamnyima mmoja na kumwacha mwingine. Nimeitwa mara mbili kutengeneza mwembe.

Picha ipo, lakini haina rangi, au watu wote wamenenepa

Watu kunenepa ni jambo la dakika moja: kifaa kinatoa picha ya umbo la zamani, 4 kwa 3, na TV inaivuta ijaze 16 kwa 9. Bonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti, au kwenye king'amuzi chagua 16:9.

Picha nyeusi na nyeupe inatoka kwenye deki ya zamani ya DVD yenye nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kwenye flati nyingi tundu la njano limeunganishwa na lile la kijani. TV ikiwa imechagua chanzo cha nyaya tano badala ya AV, inapokea mwanga bila rangi. Nenda kwenye vyanzo, chagua AV, na mfumo wa rangi uache kwenye otomatiki.

Flati nyembamba hazina hata matundu matatu, zina kitundu kimoja kama cha hedifoni, na waya wake wa kugawanya unauzwa kila kona. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana mpangilio. Waya wa kamera ukichomekwa kwenye TV unaweza kuleta mngurumo kwenye spika na kioo cheusi. Kabla ya kununua mwingine, hamisha njano ya deki uichomeke kwenye nyekundu ya waya ule, kisha kwenye nyeupe. Picha ikitokea popote, umeshajua mpangilio wake. Weka utepe wa rangi ukumbuke.

Ukilala kitandani unaona giza

Chogo la gari la kulala lilikaa juu, kwenye kabati juu ya dereva, na ungeliona hata ukiwa umelala sakafuni. Flati nyingi ndogo na za bei nafuu zina kioo ambacho ukikitazama kutoka chini rangi zinageuka, nyeusi inakuwa ya fedha na nyuso zinakuwa giza. Wateja wanadhani nimewafungia mbovu. Inamisha TV kwa mbele nyuzi 10 hadi 15, imtazame aliyelala. Ikishindikana, kuna ujanja wa kuifunga kichwa chini na kugeuza picha kwenye menyu, ila si TV zote zina kipengele hicho, basi angalia menyu kwanza kabla ya kutoboa.

Kama bado hujanunua, pima kimo cha picha, siyo inchi za boksi. Chogo la inchi 21 picha yake ina kimo cha sentimita 30 hivi, na flati ya 24 ndiyo yenye kimo hicho. Ukinunua 21 au 22 kwa kufuata namba, mama mkwe atasema TV imepungua, na atakuwa sahihi. Lakini flati ya 24 ina upana wa sentimita 55 na fremu yake. Kabati la chogo halikutengenezwa kwa upana huo. Pima tundu kwanza.

Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya ndoo, spika za flati zinatazama chini au nyuma na umezizibia ndani ya kabati. Isogeze mbele ya kabati, au peleka sauti kwenye redio ya gari.

Doa jeusi linatokea mchana, usiku linapotea

Ni joto. Vitabu vingi vya flati vinaweka kikomo cha nyuzi 40, na Hiace iliyofungwa vioo kwenye jua la Januari inapita hapo kabla ya saa sita. Kioo kikipata moto sana kinakuwa cheusi kwa mabaka, kikipoa kinarudi. Fungua madirisha, subiri robo saa, ndipo uwashe. Doa likibaki hata asubuhi, hilo si joto tena.

Mstari wa wima umetokea baada ya safari

Uko wapi mstari, na unabadilika ukigusa fremu kwa upole? Ukibadilika, kuna utepe wa ndani umelegea kwenye bodi, na fundi wa TV anaweza kuurudisha. Usipobadilika, na uko palepale siku zote, kioo chenyewe kimejeruhiwa, na bei ya kioo inakaribia TV nzima.

Chanzo mara nyingi ni kufunga. Breketi za ukutani za nyumbani zenye mkono wa kuvuta ni nzuri sebuleni, kwenye gari zinacheza kila tuta na kila rasta, na TV inapiga kichwa safari nzima. Tafuta yenye kufuli la safari, au funga bapa bila mkono, ukiweka vipande vya mpira wa tyubu kati ya chuma na mbao. Nyuma ya TV kuna matundu manne, kwa ndogo ni sentimita 7.5 au 10 kwa kila upande, ya skrubu za M4. Skrubu iwe na urefu sahihi. Iliyozidi inapenya mpaka kwenye kioo, na mstari unatokea siku ya kwanza kabla hata hujafika Kibaha. Mbao za kabati lile zilibeba chogo zito, kwa hiyo uzito wa flati hautazisumbua. Mtikisiko ndio unaozilegeza skrubu. Kila baada ya safari ya vumbi, mimi nakagua zote nne kwa mkono.

Chogo ulilolitoa usilifungue kutafuta shaba. Kioo chake kina risasi, shingo yake ikivunjika linaweza kupasukia ndani, na waya mnene mwekundu uliokuwa na volti zaidi ya 20,000 unaweza kuhifadhi umeme wakati plagi iko mkononi mwako. La yule mzee lilikuwa bado zima. Nililiunganisha na king'amuzi cha zamani kwa nyaya tatu, likaenda kwenye kibanda cha mlinzi wake, na mlinzi ameniambia picha ni safi kuliko ya ndani.